Jumatatu ya tarehe 12 Julai 1993, Mogadishu: uchambuzi wa kisa cha wanahabari wanne

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 12 Julai 1993, muda mfupi baada ya saa nne, helikopta za Kimarekani aina ya Cobra ziliishambulia nyumba moja kusini mwa Mogadishu kwa makombora 16 ya TOW na risasi za mizinga ya milimita 20. Ndani ya nyumba hiyo walikuwa wamekutana wazee na watu wazito wa ukoo wa Habr Gidir. Siku hiyo hiyo, wanahabari wanne waliokwenda kupiga picha za kilichobaki waliuawa na umati uliokuwa umeizunguka nyumba.

Waliokufa ni Dan Eldon, miaka 22, na Hos Maina, miaka 38, wote wapiga picha mnato wa Reuters. Anthony Macharia, fundi sauti wa Reuters Television, kijana wa miaka ishirini na kidogo. Na Hansi Krauss, Mjerumani wa miaka 30, mpiga picha wa Associated Press. Mohamed Shaffi, aliyekuwa na kamera ya video pamoja na Macharia, alipigwa na kujeruhiwa kwa risasi, lakini akatoka hai. Maina na Macharia walikuwa Wakenya. Eldon alizaliwa London, akahamia Nairobi na wazazi wake mwaka 1977 angali mtoto, na huko ndiko alikokulia.

Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa mapigano yakiendelea. Helikopta zilikuwa zimekwisha kuondoka, na askari walioteremka kuikagua nyumba walikuwa wamepandishwa na kurudi kambini. Wapiga picha walifika baada ya vita kupita mahali pale, na ndipo walipofia. Mafunzo mengi ya vijana wanaotaka kushika kamera vitani huanza na risasi: fulana, kofia, jinsi ya kulala chini, jinsi ya kutambua mlio wa kombora. Hayo yote yana kazi yake. Lakini kwa kisa hiki yasingeokoa mtu, na visa vya namna hii ni vingi kuliko vijana wanavyoambiwa.

Mji ulikuwa umebadilika ndani ya wiki tano

Desemba 1992, Wamarekani walipotua kwenye ufukwe wa Mogadishu kusindikiza chakula cha wenye njaa, kamera zilipokelewa vizuri. Njaa ya Baidoa na Bardera ilikuwa imetangazwa duniani na wapiga picha, Eldon akiwa mmoja wao, na Wasomali wengi walijua kwamba picha ndizo zilizoleta magunia. Mpiga picha kijana aliweza kutembea sokoni, akaitwa kwa jina, akapewa chai.

Hali ile iliharibika tarehe 5 Juni 1993, wanajeshi 24 wa Pakistani waliokuwa chini ya UNOSOM II, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Somalia, walipouawa. Kesho yake Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 837 lililotaka wahusika wakamatwe. Tarehe 17 Juni, Admirali Jonathan Howe, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, alitoa hati ya kumkamata Jenerali Mohamed Farah Aidid, kiongozi wa wapiganaji wa ukoo wa Habr Gidir, na kutangaza zawadi ya dola 25,000. Kuanzia hapo Umoja wa Mataifa ukawa upande mmojawapo wa vita, na kila mgeni mwenye kifaa mkononi akaanza kuhesabiwa upande huo. Siku moja baada ya hati hiyo, tarehe 18 Juni, Jean-Claude Jumel, fundi sauti wa televisheni ya Ufaransa TF1, aliuawa kwa risasi mjini Mogadishu.

Basi onyo lilikuwapo, tena lilikuwa la wiki tatu. Yanayoulizwa katika uchambuzi wa ajali yoyote ya kikazi ni haya: mazingira yalibadilika lini, na je, utaratibu wa kazi ulibadilika nayo? Mogadishu ya Julai ilihitaji utaratibu tofauti na wa Desemba. Timu nyingi za habari ziliendelea kufanya kazi kwa mazoea ya Desemba, na hilo halikuwa kosa la kijana mmoja aliyeko uwanjani; ni kazi ya wahariri na ofisi zinazotuma watu kuangalia picha kubwa wakati aliyeko chini anaangalia picha ya siku hiyo.

Timu na vifaa vyake

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kujua watu hawa walivyofanya kazi. Televisheni ya mwaka 1993 ilirekodiwa kwa kamera za Betacam SP. Kamera yenye lenzi, betri na kaseti ilikuwa mzigo wa kilo saba hadi kumi begani, na kaseti ndogo ilibeba dakika 30. Mpiga picha alifanya kazi na fundi sauti aliyevaa kichanganyio cha sauti kifuani na kushika maikrofoni ya fimbo, na mara nyingi wawili hao waliunganishwa kwa waya mmoja mrefu kutoka kwenye kichanganyio hadi kwenye kamera. Waya huo unawafunga watu wawili kwa umbali wa hatua mbili tatu. Mpiga picha ana jicho moja kwenye kioo cha kamera, na jicho la pili haoni upande wa mkono wake wa kulia kwa sababu kamera imemziba. Fundi sauti amevaa visikizi masikioni, anasikia kile maikrofoni inachosikia, si kile kinachonong'onwa nyuma yake. Kwa pamoja wana macho na masikio pungufu ya mtu mmoja asiye na kifaa.

Wapiga picha mnato walikuwa wepesi zaidi: kamera mbili za milimita 35, moja ikiwa na lenzi pana, nyingine ikiwa na lenzi ndefu, na mifuko ya mikanda ya picha 36. Mkanda ukiisha ni lazima usimame, ufungue mgongo wa kamera na upachike mwingine, na macho yako kwa wakati huo yako mikononi. Picha ikisafishwa hotelini ilitumwa kwa mashine ya kuchanganua negativu kupitia simu ya setalaiti, na picha moja ya rangi ilikula dakika nyingi. Vinginevyo mikanda na kaseti zilipelekwa Nairobi kwa ndege, zikiwamo ndege za miraa zilizoruka kila siku kati ya uwanja wa Wilson, Nairobi, na viwanja vya Somalia. Nairobi ndiyo iliyokuwa kituo. Shirika la Camerapix la Mohamed Amin, yule aliyepiga picha za njaa ya Korem mwaka 1984, lilikuwa huko, na vijana wengi wa Kenya waliingia katika kazi hii kupitia njia hiyo: kwanza kubeba miguu ya kamera, halafu sauti, halafu kamera yenyewe. Kazi ya fundi sauti ilikuwa mlango wa kuingilia. Ilikuwa pia nafasi ya hatari iliyosahaulika. Miaka miwili kabla, Juni 1991, John Mathai, fundi sauti Mkenya, aliuawa Addis Ababa katika mlipuko wa ghala la silaha, mlipuko ule ule uliomkata Mohamed Amin mkono wa kushoto.

Asubuhi yenyewe

Baada ya shambulio, watu wa upande wa Aidid waliwaalika wanahabari waje waone. Walitaka dunia ijue kwamba waliouawa ni wazee waliokutana kuzungumza. Waandishi walikwenda kwa msafara wa magari, wakiwa wameahidiwa ulinzi na Wasomali waliowaongoza. Walipofika, maiti zilikuwa zinatolewa kwenye kifusi na ndugu walikuwa wanawatambua watu wao. Umati uliwageukia. Walipigwa mawe, marungu na mapanga, na wengine walipigwa risasi. Mwandishi Scott Peterson alikatwa panga kichwani siku hiyo na kunusurika.

Ni haki kusema mapema kwamba sababu ya kwenda ilikuwa nzito. UNOSOM ilisema waliouawa ndani ya nyumba ni 20. Msalaba Mwekundu ulitoa idadi ya 54. Upande wa Aidid ulitaja 73. Pengo la aina hiyo haliwezi kuzibwa na taarifa ya msemaji; linazibwa na mtu huru anayeingia, anayehesabu, anayepiga picha za nyuso na mavazi na kuonyesha kama palikuwa na bunduki au mikeka na vikombe vya chai. Wale wanne walikwenda kuifanya kazi hiyo hasa. Anayesema "wasingekwenda" anasema pia kwamba msemaji wa jeshi abaki peke yake na hesabu yake. Swali la uchambuzi ni jinsi ya kwenda.

Palipovunjika

Kwanza mwaliko. Aliyekualika alikuwa na nia ya kweli ya kutaka picha itoke, na hilo ndilo linalodanganya, kwa sababu nia njema huhesabiwa kuwa dhamana. Kumbe mwaliko ulitoka kwa viongozi wa kisiasa na wapiganaji wao, wakati eneo lilikuwa mikononi mwa wafiwa. Makundi hayo mawili ni ya ukoo mmoja, lakini saa ile hayakuwa kitu kimoja. Mpiganaji wa miaka 19 mwenye AK-47 hawezi kumwamrisha mama aliyetoka kumwona mumewe chini ya zege, wala vijana waliompoteza babu yao. Zaidi ya hapo, mlinzi wa kukodi wa ukoo huo huo hatampiga risasi ndugu yake ili kumwokoa mgeni. Katika Mogadishu ya wakati ule walinzi wa kukodi walifaa dhidi ya wezi na vizuizi vya barabarani. Dhidi ya msiba wa ukoo wao wenyewe, hawakuwa ulinzi.

Wazee ndio ambao kwa kawaida wangeweza kutuliza umati kama ule. Na wazee ndio waliokuwa wamelala kifusini. Jambo hili halitajwi mara nyingi katika maelezo ya kisa hiki, ingawa kwa maoni yetu ndilo kiini chake: shambulio liliondoa watu hasa ambao maneno yao yangesikilizwa. Mgeni aliyefika baada ya hapo aliingia mahali ambapo kila mtu alikuwa na hasira na hakuna aliyekuwa na mamlaka.

Pili ni muda. Kuna kipindi baada ya shambulio, tuseme kati ya nusu saa na saa tatu, ambapo maiti hazijafunikwa, habari zinasambaa mtaani na ndugu wanaendelea kufika mmoja mmoja. Kila anayefika anaanza upya kilio na hasira, kwa hiyo umati haupoi, unapanda. Kabla ya hapo watu wana mshtuko na wanakimbilia kuokoa majeruhi, na kamera haionwi sana. Baada ya hapo maiti zimehamishwa, mazishi yamepangwa, wazee wa mtaa wamefika. Kwa shirika la habari, kipindi kile cha katikati ndicho chenye picha, kwa hiyo ndicho kinachogombaniwa. Mashirika mawili yanayoshindana yakiwa hoteli moja, na msafara mmoja ukiondoka, ni vigumu sana kwa kijana wa miaka 22 kusema "mimi nitasubiri saa mbili".

Tatu, sura. Waliofanya shambulio walikuwa hewani na hawakufikika. Wanahabari walikuwa chini, walikuwa wageni, walikuwa na vifaa, na walikuja muda mfupi baada ya helikopta. Ngozi nyeusi haikuwakinga Maina na Macharia. Hapa Wakenya, Watanzania na Waganda wanaofanya kazi Somalia, Sudan Kusini au Kongo wana funzo lao: kufanana na wenyeji kwa mbali kunaweza kukupitisha kwenye kizuizi cha barabarani, lakini mbele ya umati unaokutazama usoni wewe ni mgeni, na mgeni Mwafrika anaweza kushukiwa zaidi kuwa mpelelezi.

Nne, lenzi. Picha ya maombolezo yenye nguvu hupigwa kwa lenzi ya milimita 24 hadi 35, na lenzi hizo zinakutaka usimame mita moja au mbili kutoka kwa mtu. Ukiwa hapo umeshaingia ndani ya umati, umezungukwa pande zote, na njia yako ya kutoka ni miili ya watu. Lenzi ya 80–200 inakuweka mita 15 au 20 nje, mgongo ukiwa umeelekea barabara. Picha inakuwa tofauti, na wahariri wengi hawataipenda sana. Kwa dakika za mwanzo ndiyo inayopaswa kutumika.

Na mwisho, kusafiri kwa msafara. Watu wengi kwenye gari chache, wakiongozwa na gari ambalo si lao, wakaingia kwenye njia nyembamba za mtaa. Msafara unaonekana salama kwa sababu mko wengi. Kwa kweli unaziba njia: gari la mbele halirudi nyuma mpaka la nyuma liondoke, na kila timu inasubiri nyingine.

Utaratibu wa eneo la shambulio

Yanayofuata ni namna ambayo timu zenye uzoefu hufanya sasa zinapokwenda mahali palipopigwa bomu muda mfupi uliopita. Hayaondoi hatari, yanaipunguza kwa kiasi cha kumpa mtu nafasi ya kuondoka.

Kabla ya gari kuwashwa, aliyealika anaulizwa maswali matatu: ni nani aliye pale sasa hivi, nani kati yao anakujua wewe kwa jina, na je, utakuja nasi na kusimama karibu yetu? Jibu la tatu likiwa hapana, safari inasubiri. Mdhamini anayefaa ni mtu wa familia ya wafiwa, imamu au mchungaji wa mtaa, au daktari anayehudumia majeruhi, kwa sababu umati unamhitaji au unamheshimu kwa sababu isiyohusu bunduki. Kisha anatangulizwa mwenyeji mmoja bila kamera, kwa miguu au kwa pikipiki, dakika 15 mbele. Kazi yake ni kupiga simu na kusema neno moja kati ya mawili mliyokubaliana.

Magari ni mawili angalau. Hayaingii kwenye eneo. Yanaachwa mita 100 hadi 150 nyuma, nyuma ya kona, kwenye barabara yenye njia mbili za kutokea, pua ikielekea kule mtakakotoka. Dereva habanduki kwenye usukani, injini inanguruma, milango haijafungwa kwa ufunguo, na viti vya nyuma havina mizigo. Matatizo yanayojirudia ni madogo ya kuumiza moyo: dereva aliyeshuka kuangalia naye, begi la miguu ya kamera lililoziba mlango, tangi lililo robo. Hakikisha mafuta yamezidi nusu, na ufunguo wa akiba uko kwa mtu mwingine. Chagueni pia mahali pa pili pa kukutania kwa miguu endapo gari haifikiki, kama hospitali au msikiti ambao kila mtu wa timu ameshauona kwa macho yake, siyo kwenye ramani tu.

Wote hawaingii. Katika timu ya wanne, wawili huingia: mmoja mwenye kamera, mmoja asiye na kitu mikononi. Huyu wa pili husimama nyuma ya mwenye kamera, mkono wake ukiwa kwenye mkanda wa suruali au kamba ya begi ya mwenzake, na hatazami kifusi hata kidogo. Anatazama pembeni mwa umati na mgongoni. Akivuta mkanda, kazi imekwisha. Hakuna "picha moja tu", hakuna mjadala, na mwenye cheo kikubwa zaidi hana haki ya kupinga. Sheria hii ndiyo inayovunjwa mara nyingi kuliko zote, na huvunjwa na wenye kamera, kwa kuwa jicho lililo kwenye kamera linaona fremu na halioni umati.

Kwa wanaorekodi video, sauti sasa inachukuliwa kwa maikrofoni ya juu ya kamera au ya bila waya, na waya wa kuunganisha watu wawili hautumiki katika eneo la namna hii. Ukilazimika kuutumia, uwe na kiungo kinachochomoka kwa mvuto mmoja, na mvuto huo ujaribiwe mara kadhaa kabla ya safari, mikono ikiwa na jasho.

Muda wa kwanza ni dakika 10, saa ikiwa mkononi mwa yule asiye na kamera. Anza kupiga ukiwa unatembea: picha mbili tatu pana za jengo na mtaa kutoka nje, ili hata mkiondoka dakika ya pili muwe na ushahidi wa mahali. Halafu picha za kati za watu wanaofukua. Usipige goti, usiketi, usipande juu ya kifusi; aliye chini hainuki haraka, na aliye juu anaonekana na wote. Usimwelekee maiti kwa lenzi bila ruhusa ya ndugu aliye karibu; ishara ya mkono kifuani na kuinamisha kichwa inaeleweka karibu kila mahali. Dakika ya tano badilisha kadi na kuipitisha kwa mtu anayerudi garini. Vipande vya kombora na namba zilizochorwa juu yake ni ushahidi muhimu sana, lakini vinaweza kupigwa kesho. Nyuso za leo haziwezi.

Dalili za kuondoka hazianzi na jiwe. Kilio si dalili ya hatari. Kilio kikizimika ghafla upande mmoja, hiyo ni dalili. Watoto wakiondolewa. Vijana wakiacha kufukua na kugeuza miili yao kukuelekea. Mtu akiuliza nchi yako kwa sauti ya kutaka wengine wasikie. Mkono wa kwanza ukigusa kifaa au nguo yako, hapo ndipo mwisho: mnaondoka kwa kutembea, bila kukimbia, nyuso zikiwa zimeinama, mpaka kona. Baada ya kona mnakimbia. Mtu akishika kamera, mwachie. Fungua mkanda wa shingoni kabla ya kuingia, kwa sababu mkanda wa kamera shingoni umewaangusha watu wengi waliokuwa tayari kuiacha kamera yenyewe.

Kuhusu fulana nzito yenye mabamba mawili, inayofika kilo 10 au zaidi pamoja na kofia: ni lazima karibu na makombora na risasi za mbali. Ndani ya umati wa wafiwa tunaona inaleta madhara mawili, inakufanya ufanane na askari na inakuchelewesha kukimbia. Fulana laini nyembamba chini ya shati, inayozuia vipande vidogo na risasi za bastola, ndiyo maelewano ya busara, na kila mmoja anapaswa kujua kwamba haizuii AK-47.

Ofisi inapigiwa simu mara tatu: mnapoondoka, mnapofika, mnapotoka. Simu ya tatu ikichelewa dakika 20, aliyeko ofisini anajua ampigie nani kwanza, na orodha hiyo iko mezani kwake tayari ikiwa na namba za hospitali, mzee wa mtaa, msemaji wa kila upande na ndugu wa kila mmoja wa timu, dereva akiwamo.

Majeraha, kwa ufupi

Tarehe 20 Aprili 2011 kombora la kurushwa kwa bomba liliwaua wapiga picha Tim Hetherington na Chris Hondros huko Misrata, Libya. Hetherington alipoteza damu kutoka kwenye mshipa mkubwa wa paja akiwa njiani kuelekea hospitali, na kifo chake ndicho kilichofanya rafiki yake Sebastian Junger aanzishe RISC, mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wanahabari wa kujitegemea. Mshipa huo ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika tatu hadi tano. Mkanda wa kubana damu unafungwa sentimita tano hadi nane juu ya jeraha, usiwe juu ya goti wala kiwiko, unakazwa mpaka damu ikome kabisa ingawa mwenzako analia kwa maumivu, na saa uliyofunga inaandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Damu isipokoma, funga wa pili juu ya wa kwanza. Kinenani na kwapani, mahali mkanda hauwezi kufungwa, sindilia kitambaa ndani ya jeraha na ugandamize kwa uzito wa mwili: angalau dakika tatu kwa kitambaa chenye dawa ya kugandisha damu, dakika kumi kwa cha kawaida. Kila mtu abebe mikanda miwili, mahali pale pale ambapo wenzake wote wanapajua. Mikanda ya bei chee ya mitandaoni hukatika kijiti cha kukazia. Nunua mmoja wa ziada, uuharibu kwenye mazoezi.

Nani anabeba gharama

Vijana wengi huanza kama wa kujitegemea, wakilipwa kwa picha au kwa siku. Anayelipwa kwa picha ana sababu ya kubaki dakika ya kumi na moja. Hili halitatuliwi kwa kumhubiria ujasiri au uangalifu. Linatatuliwa kwa malipo ya siku nzima yasiyotegemea picha, na bima. Rory Peck, mpiga picha wa kujitegemea, aliuawa Moscow Oktoba 1993, miezi mitatu baada ya kisa cha Mogadishu, na mfuko unaobeba jina lake, ulioanzishwa 1995, husaidia wanahabari wa kujitegemea na familia zao. Mwaka 2015 mashirika makubwa ya habari na ya wanahabari wa kujitegemea yalikubaliana kanuni za pamoja za usalama chini ya muungano wa ACOS, mojawapo ikiwa kwamba mhariri anayempa kazi mtu wa kujitegemea amjali kama mwajiriwa wake.

Kabla ya kukubali kazi, kijana wa Goma, Juba au Mandera aulize kwa maandishi, na apate jibu kwa maandishi: nani analipa ndege ya kuniondoa nikijeruhiwa, bima ni ya kampuni gani na inaanza saa ngapi, je, inamhusu dereva na mwenyeji anayenitafsiria, nikikataa kuingia mahali, malipo ya siku yako palepale? Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, swali la mwisho lina uzito wa pekee kwa wenyeji, kwa kuwa mgeni huondoka na mwenyeji hubaki kwenye mtaa ule ule na picha alizopiga.

Baada ya Julai

Mauaji yale yaliwaondoa wanahabari wengi wa kigeni Mogadishu. Tarehe 3 Oktoba 1993, helikopta mbili za Black Hawk zilipoangushwa na wanajeshi 18 wa Kimarekani kuuawa pamoja na Wasomali mamia, karibu hapakuwa na timu yoyote ya televisheni ya Magharibi mjini. Picha ya mnato ya maiti ya askari ikiburutwa ilipigwa na Paul Watson wa Toronto Star, aliyepewa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Picha za video zilipigwa na dereva Msomali aliyefanya kazi na Reuters, kwa kamera ndogo ya Hi8. Tarehe 7 Oktoba Rais Clinton alitangaza kwamba majeshi yake yangeondoka kabla ya tarehe 31 Machi 1994. Siku kumi na moja kabla ya tarehe hiyo, mwandishi Ilaria Alpi wa televisheni ya Italia RAI na mpiga picha wake Miran Hrovatin waliuawa kwa risasi ndani ya gari lao mjini Mogadishu.

Idadi ya waliokufa ndani ya nyumba ya tarehe 12 Julai inaandikwa mpaka leo kwa namba tatu: 20, 54 na 73.